Oktopasi ililia, ugonjwa ulikuwa hatua ya kwanza: uchambuzi wa kisa cha regulata ya mtumba

Kisa hiki kilipita mikononi mwangu mwenyewe, tangu regulata (kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa ya mtungi chini ya maji) ilipoletwa ikiwa bado na chumvi ya mbizi yake ya mwisho hadi iliporudi majini. Majina, mahali na chapa ya vifaa nimeviondoa kwa makubaliano na mwenye regulata. Vipimo nimeviacha kama nilivyoviandika siku ile, maana bila vipimo kisa hiki hakifundishi kitu.

## Usuli

Mwenye regulata ni mpiga mbizi wa burudani ambaye alikuwa amezama mara 60 hivi, karibu zote kwa vifaa vya kukodi. Alipoamua kuwa na vyake alinunua seti ya mtumba: hatua ya kwanza ya aina ya kiwambo (utando unaoendesha vali), iliyosawazishwa; hatua ya pili kuu yenye kirungu cha kurekebisha ugumu wa kuvuta hewa; oktopasi, yaani hatua ya pili ya akiba; geji ya presha ya mtungi; na hosi ya jaketi la kuelea. Muuzaji alimwambia kwamba ilifanyiwa sevisi mwaka uliotangulia na tangu hapo ilizamishwa mara chache tu. Karatasi ya sevisi haikuwepo.

Kabla ya kulipa aliifunga kwenye mtungi, akafungua vali, akavuta pumzi kumi kwenye hatua ya pili kuu na kumi kwenye oktopasi, akasikiliza. Kimya. Ukaguzi wote ulichukua dakika 2, na ufupi wa muda huo ndio ulioiruhusu hitilafu ipite.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona regulata ikiwa wazi: mtungi uliojaa una presha ya bar 200 au zaidi, bar ikiwa ndiyo kipimo chetu cha presha. Hatua ya kwanza huipunguza presha hiyo hadi tunayoiita presha ya kati, ambayo kwa regulata nyingi ni bar 9 hadi 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Ndani yake kuna siti ya plastiki ngumu inayokaa juu ya mdomo mkali wa tundu dogo la chuma. Ukivuta hewa, presha ya kati hushuka, siti huinuka, hewa ya mtungi huingia. Presha ikirudi mahali pake, siti hufunga. Inatakiwa ifunge kabisa.

Hatua ya pili, ile ya mdomoni, ina siti yake ya mpira ambayo springi huikandamiza ili izuie hewa ya presha ya kati. Vali hiyo hufunguka kuelekea kule kule hewa inakokwenda. Kwa hiyo presha ya kati ikipanda kupita kiasi, huisukuma siti ya mpira na hewa hutoka. Muundo huo ni wa makusudi. Regulata nyingi hazina vali ya usalama kwenye hatua ya kwanza. Hatua ya pili ndiyo vali ya usalama ya seti nzima. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana kila kosa lililofuata lilitokana na kulisahau.

## Mambo yalivyofuatana

Siku ya kwanza ya kuitumia, mwenye regulata alifungua mtungi na kuuacha umesimama huku akivaa. Dakika kama 4 baadaye oktopasi ilianza kutoa sauti nyembamba ya hewa. Mwenzake wa kuzamia alibonyeza kitufe cha kusukumia hewa mara moja, sauti ikakoma. Wakakubaliana kwamba ni punje ya mchanga iliyoingia na sasa imetoka. Walizama, na majini hakukuwa na shida yoyote.

Hali hiyo ilijirudia kwenye mbizi tano au sita zilizofuata. Ikisimama bila mtu kuvuta hewa, oktopasi inalia. Ukibonyeza kitufe, inanyamaza. Ukiwa majini unapumua, hakuna kitu. Mwenye regulata alisema pia kwamba baada ya kukaa kidogo bila kuvuta hewa, pumzi ya kwanza ilikuwa kama inamsukuma, kisha zinazofuata zinakuwa za kawaida. Hilo hakulihesabu kuwa dalili. Mimi ningelihesabu.

Kisha alimpelekea rafiki mwenye mkono wa ufundi na chombo cha kurekebishia hatua ya pili bila kuivua kwenye hosi. Rafiki huyo alizungusha tundu la oktopasi kuingia ndani, likaikandamiza siti ya mpira kwa nguvu zaidi, mpaka sauti ikaisha. Alishauri pia kirungu cha hatua ya pili kuu kiwe kimefungwa wakati wote mtu akiwa nje ya maji. Regulata ikawa kimya kama mpya, na wote wawili waliridhika.

Mbizi ya nne baada ya hapo ndiyo iliyomleta kwangu. Walikuwa kwenye mita 18, geji ikisoma bar 110, mwenzake alipoona mkondo wa mapovu usiokatika nyuma ya bega lake. Ulikuwa unatoka kwenye oktopasi iliyoning'inia. Walibonyeza kitufe kama walivyozoea. Mapovu yalikoma kwa nukta moja, yakarudi. Wakageuza oktopasi mdomo wake uangalie chini, yakaendelea. Baada ya dakika 3 geji ilisoma bar 80.

Hapa hesabu inasaidia. Alikuwa na mtungi wa lita 12, na kwa kawaida hutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 18 presha ni bar 2.8, kwa hiyo matumizi yake ni lita 56 kwa dakika, na mtungi hushuka karibu bar 5 kila dakika. Wake ulishuka bar 10. Nusu ya hewa ilikuwa inamwagika baharini.

Mwenzake aliashiria kupanda. Alitoa oktopasi yake mwenyewe akaishika mkononi tayari, wakapanda bega kwa bega kwa mwendo wa kawaida, wakasimama mita 5 kwa dakika 3, wakatoka juu geji ikisoma bar 40. Hakuna aliyeumia. Mwenye regulata aliniambia kilichomtisha zaidi ni kwamba hatua ya pili aliyokuwa nayo mdomoni haikubadilika hata kidogo. Kama asingekuwa na mtu wa kumwangalia mgongoni, angegundua kwa geji, na geji alikuwa anaiangalia kila baada ya dakika kadhaa.

## Uamuzi wa kwanza: kupima kabla ya kufungua

Regulata ilipofika mezani, kila mtu alitaka ifunguliwe. Nilikataa. Ukishafungua na kusafisha, hali iliyosababisha tatizo imepotea, na utabaki unakisia. Kwanza niliikagua kwa macho, kisha nikaifunga kwenye mtungi wa bar 200 huku geji ya presha ya kati ikiwa imechomekwa kwenye hosi ya jaketi.

Kwa macho nilikuta haya. Kichujio cha shaba kinachokaa mdomoni mwa hatua ya kwanza kilikuwa na ukijani. Rangi ya kichujio husema mengi: wekundu wa kutu mara nyingi hutoka kwenye mtungi wa chuma ulioingia unyevu, weusi huelekeza kwenye kompresa iliyojaza mtungi, na ukijani maana yake maji ya chumvi yaliingia kwenye hatua ya kwanza yenyewe. Kwa kawaida huingia wakati wa kuosha, pale kifuniko cha vumbi kinapokuwa hakijafungwa vizuri, au mtu anapobonyeza kitufe cha hatua ya pili ndani ya beseni wakati regulata haina presha. Maji hupita kwenye hosi na kupanda mpaka juu. Kipande cha mdomoni cha oktopasi kilikuwa kimechanika chini ya kamba yake. Hosi moja ilikuwa na nyufa zilizofichwa na kinga yake ya mpira.

Kisha geji. Nilifungua mtungi taratibu. Sindano ilipanda hadi bar 9.6, mahali pazuri kabisa, lakini haikusimama. Ilipita 10, ikapita 12, na ndani ya sekunde chache ilifika 14, ndipo oktopasi ikaanza kumwaga hewa. Nilibonyeza kitufe: sindano ikaanguka chini ya 9 na kuanza kupanda upya. Hapo nilikuwa nimeshapata jibu bila kugusa skrubu hata moja. Siti ya hatua ya kwanza haifungi. Presha inatambaa kupanda. Oktopasi inafanya kazi yake ya kuipunguza.

Ningemwomba kila anayesoma aielewe tofauti hii, maana inaokoa saa nyingi. Hatua ya pili ikimwaga hewa huku presha ya kati imetulia, ubovu uko kwenye hatua ya pili. Ikianza kumwaga baada ya muda, na sindano ilikuwa inapanda wakati wote huo, ubovu uko juu, kwenye hatua ya kwanza, hata kama sauti inatoka chini. Kubonyeza kitufe hunyamazisha zote mbili kwa muda, kwa hiyo kunyamaza hakuthibitishi chochote.

Nilipima pia ugumu wa kuvuta hewa, kwa njia ya beseni. Unaishusha hatua ya pili majini polepole, uso wake ukiangalia chini na mdomo ukiwa juu ya maji, mpaka hewa ianze kutoka. Umbali kutoka kiwambo chake hadi usawa wa maji ndio kipimo. Hatua ya pili kuu, kirungu kikiwa wazi, ilifunguka kwenye sentimita 3, sawa. Oktopasi ilihitaji zaidi ya sentimita 6. Kwa kawaida huiweka karibu 4: ngumu kidogo kuliko ile kuu ili isimwage hewa ovyo inapoburutwa, lakini isiwe adhabu kwa mtu aliyeishiwa hewa na anayehema kwa hofu. Na wakati nikipima presha ya kati ilikuwa imeshapita kawaida, ikisukuma vali ifunguke. Kwa presha ya kawaida, oktopasi hiyo ingekuwa ngumu zaidi ya hapo.

## Tulichokuta ndani

Niliivunja hatua ya kwanza yote. Kulikuwa na chumvi nyeupe na ukoko wa kijani kwenye kuta za chumba cha presha kubwa. Siti ilikuwa na mtaro wa kina pale inapokaa kwenye mdomo wa tundu, na upande mmoja wa mtaro huo ulikuwa umemeguka kipande kidogo sana. Hapo ndipo hewa ilipopita. Kwa hali ya siti ile na zile oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) zilizopoteza unyumbufu, siamini kwamba sevisi ya mwaka uliotangulia ilifanyika, au kama ilifanyika, siti haikubadilishwa.

Kwenye mdomo wa tundu kulikuwa na chembe ya kijani iliyoganda. Niliitoa kwa mti laini, nikasafisha sehemu za chuma kwenye mashine ya mawimbi ya sauti kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika chache tu kwa kila zamu kwa sababu siki ikikaa sana hushambulia kromu, nikasuuza kwa maji safi na kukausha kwa hewa. Nikaangalia mdomo wa tundu kwa lenzi ya mara 3. Uling'aa. Nikaupitisha.

Oringi zote zilibadilishwa, siti mpya ikaingia, kiwambo kipya, kichujio kipya. Grisi niliyotumia ni ile maalumu ya vifaa vya hewa ya presha kubwa isiyotokana na mafuta ya petroli. Mafuta ya kujipaka ya petroli yasisogezwe karibu na regulata, huharibu mpira na ni hatari panapokuwa na oksijeni nyingi. Nikairekebisha presha ya kati kwa skrubu ya springi kuu hadi bar 9.5.

## Uamuzi wa pili, na kosa langu

Dakika ya kwanza sindano ilisimama 9.5. Dakika ya tano ilikuwa 9.8. Dakika ya kumi, 10.1.

Siti mpya huhitaji muda wa kujikalia. Mdomo wa tundu huchora mtaro wake mwembamba kwenye plastiki, na katika saa za mwanzo si ajabu kuona presha ikisogea kidogo kabla haijatulia. Kila fundi anajua hilo, na kila fundi anaweza kulitumia kujidanganya. Nilijiambia kwamba ndicho kilichokuwa kinatokea. Niliiacha na presha usiku kucha ili siti ikae.

Asubuhi nilibonyeza kitufe mara kadhaa, nikaanza saa upya: 9.5, kisha 9.8 kwenye dakika ya tano, kisha 10.1 kwenye dakika ya kumi. Sawasawa na jana. Siti inayojikalia hubadilika: mtambao, yaani kule kupanda kwa presha polepole, hupungua kila unapobonyeza kitufe na kuiacha ifunge tena, mpaka unaisha. Unaojirudia kwa kipimo kile kile hautokani na siti mpya.

Niliifungua tena. Safari hii nilitumia lenzi ya mara 10 na taa niliyoilaza pembeni, ili mwanga uupige mdomo wa tundu kwa ubavu. Kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, ulionyooka, unaoukata ukingo kutoka ndani kwenda nje. Ule mng'ao ulionipendeza siku ya kwanza ulikuwa wa chuma kilichosafishwa, na mkwaruzo ulikuwemo ndani yake muda wote. Siti mpya niliyoweka nayo ilikuwa imeshapata alama ya mkwaruzo huo, kwa hiyo haikufaa tena.

Umbo la mkwaruzo lilinifanya nifikiri kwamba mtu aliwahi kuchokoa oringi au siti kwa ncha ya chuma. Siwezi kulithibitisha. Ila ndiyo sababu kwenye meza yangu vichokoo ni vya plastiki au shaba nyeupe laini, hata kama vinavunjika kila mara.

Zilikuwepo njia tatu. Ya kwanza, kuung'arisha mdomo kwa unga wa kusagia mpaka mkwaruzo uishe. Nimeona watu wakifanya hivyo na kufanikiwa, lakini ukingo ule una umbo na upana uliopimwa kiwandani. Ukiupanua, siti hukaa kivingine na huwezi kujua itadumu vipi. Kwenye kifaa ambacho mtu anapumulia chini ya maji sikutaka kubuni. Ya pili, kuitupa hatua ya kwanza. Kwa regulata nyingine ningefanya hivyo, kwa kuwa kuna miundo ambayo tundu limechongwa kwenye mwili wenyewe na halibadilishiki. Ya tatu, kubadilisha tundu, na kwa bahati muundo huu una tundu linalotoka kama kipuri. Nilimweleza mwenye regulata kwamba akiongeza kipuri hicho kwenye gharama ya vifaa vya sevisi, hosi na kazi, jumla itakaribia bei aliyoinunulia seti nzima. Alifikiri siku mbili, akakubali.

## Matokeo

Tundu jipya na siti nyingine mpya viliingia. Presha ilisimama 9.5 kwenye dakika ya kwanza, ya tano na ya kumi. Nilibonyeza kitufe mara 50 hivi, kila mara ikishuka na kurudi kwa kishindo kimoja safi na kusimama. Baada ya saa 24 ikiwa na presha, ilisoma 9.6. Nilirudia jaribio kwa mtungi uliobakiza bar 35, kwa sababu regulata inaweza kuonekana nzima kwenye mtungi uliojaa na ikabadilika mtungi unapokaribia kuisha. Hatua ya kwanza iliyosawazishwa inatakiwa ionyeshe karibu kipimo kile kile. Ilionyesha.

Oktopasi ilihitaji siti mpya. Ya zamani ilikuwa imechimbwa mtaro kwa jinsi ilivyokandamizwa. Niliipanga upya hadi ifunguke kwenye sentimita 4, kipande cha mdomoni kikabadilishwa, na nikafanya jaribio la kuvuta bila hewa: ukiwa umeziba kifuniko cha vumbi na hakuna presha, ukivuta kwa mdomo lazima ikugomee kabisa. Ikiachia hata kidogo, maji nayo yataingia, iwe ni kwenye vali ya kutolea hewa, kiwambo au ufa wa ganda. Hatua ya pili kuu ilifanyiwa sevisi ya kawaida na sina la kuieleza zaidi. Hosi yenye nyufa ilitupwa, na oringi mbili ndogo za kiungo cha geji zikabadilishwa kwa kuwa nilikuwa nimeshafika hapo.

Mbizi ya kwanza ilikuwa bwawani, ya pili kwenye mita 6, na baada ya hizo mbili alirudi mita 18. Miezi sita baadaye, kwa geji yake mwenyewe, presha ya kati ilisoma 9.6 na kubaki hapo kwa dakika 10.

## Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki wanamlaumu rafiki aliyekaza oktopasi. Kosa lake lilikuwa kubwa, lakini nataka kulieleza kwa haki, maana linaeleweka. Aliletewa hatua ya pili inayovuja, naye ana chombo kinachozuia hatua ya pili kuvuja. Alichokosa ni geji ya presha ya kati. Bila geji hiyo alifanya kama mtu anayempa mtoto mwenye homa dawa ya usingizi: kelele zilikwisha, joto likabaki. Kwa kuikaza oktopasi aliinua kiwango ambacho vali ya usalama hufungukia. Awali ingeanza kulia presha ikipanda kidogo tu. Baada ya kukazwa ilisubiri hadi bar 14. Siti iliyokuwa inaharibika haikuwa na mtu wa kuisemea tena. Na yule ambaye angeihitaji oktopasi siku ya dharura angekuta hewa inavutika kwa taabu.

Kwa nini ilikuwa oktopasi na si hatua ya pili kuu? Ile kuu ilikuwa ya aina iliyosawazishwa, ambayo presha ya kati huisukuma kutoka pande zote mbili za vali, hivyo haijali sana ikipanda. Oktopasi nyingi ni za aina rahisi isiyosawazishwa, springi tu ikipambana na presha. Ndiyo hulia kwanza. Katika seti zenye hatua mbili za pili zilizosawazishwa, mtambao unaweza kufika mbali zaidi kabla hujasikia chochote, na kwa seti hizo geji ni ya lazima zaidi.

Jambo ambalo nadhani ni gumu kuliko yote kulikubali ni kwamba regulata hii ilikuwa mbovu muda wote na ilipumulika vizuri. Maelezo yake ni haya: siti inayovuja kidogo huingiza hewa kidogo. Ukiwa unapumua, unaivuta hewa hiyo pamoja na nyingine, na presha haipati nafasi ya kupanda. Uvujaji unafichwa na mapafu yako. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo unavyotumia hewa nyingi zaidi kwa dakika, na ndivyo unavyoweza kuficha uvujaji mkubwa zaidi. Siku ile kipande cha siti kilipomeguka, hewa iliyoingia ilizidi anayoweza kuivuta, na ziada ikatokea kwenye oktopasi. Kwa hiyo kupumulia regulata ya mtumba, hata pumzi mia, hakuijaribu kwenye ubovu huu. Inajaribiwa ikiwa imeachwa bila kuguswa, mtungi wazi, saa mkononi. Mnunuzi angeiacha hivyo kwa dakika chache tu. Kwenye dakika ya nne oktopasi ingemwambia ukweli bila kifaa chochote.

Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa majini. Mwenzake aliangalia mgongo wa mwenziwe, hawakujaribu kutengeneza kifaa chini kwa zaidi ya dakika 3, na oktopasi nzima ilikuwa tayari mkononi kabla haijahitajika. Ningependa wangeanza kupanda dakika 2 mapema zaidi. Mapovu yaliporudi baada ya kubonyeza kitufe mara ya kwanza, hapakuwa na la kusubiri.

Kwenye meza, kupima kabla ya kufungua kulilipa, na kuiacha na presha usiku kucha kulinizuia nisimkabidhi mtu regulata mbovu yenye siti mpya. Lenzi ya mara 3 ilikuwa kosa langu, na zaidi ya lenzi, ilikuwa haraka ya kutaka mdomo uonekane hauna kasoro kwa sababu nilishaona siti iliyovunjika na kisa kikaonekana kimeisha. Ubovu mmoja ukishapatikana, macho huacha kutafuta wa pili. Tangu hapo mdomo wa tundu nauangalia kwa lenzi ya mara 10 kabla sijagusa siti, ili nisiwe na jibu lolote kichwani.

Kuhusu nani afungue regulata, msimamo wangu ni kwamba mmiliki asiye na mafunzo, vipuri sahihi na kitabu cha muundo ule asiifungue. Lakini geji ya presha ya kati awe nayo. Inachomekwa kwenye hosi ya jaketi bila spana, na vipimo viwili vilivyoandikwa kila baada ya miezi michache vinamwambia zaidi ya alichoambiwa na muuzaji. Watengenezaji wengi hutaka sevisi kila mwaka au kila mbizi 100, chochote kitakachotangulia, na wengine hurefusha muda kwa sharti la ukaguzi wa kila mwaka. Chumvi iliyokauka ndani haihesabu mbizi. Regulata iliyolala kabatini miaka mitatu bila kusuuzwa inaweza kuwa mbaya kuliko iliyozama mara 150 na kutunzwa.

Mwenye regulata sasa ana daftari dogo kwenye mfuko wa vifaa: tarehe, presha ya mtungi, presha ya kati kwenye dakika ya kwanza na ya kumi. Rafiki yake alikuja kuangalia geji ikifanya kazi, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kuna seti nyingine mbili za watu alizowahi kuzikaza oktopasi kwa sababu ile ile. Aliwapigia simu jioni hiyo. Moja ilipofika mezani ilisimama 9.4 na haikusogea. Oktopasi yake ilikuwa na siti iliyochakaa tu. Ya pili ilianza 9.7, na kwenye dakika ya kumi ilikuwa 11.2.